Mchanga mweusi wa ufukweni unaruka kwenye sumaku, wa kisimani umegoma: ni jiwe lile lile limezeeka au ni mawe mawili tofauti?

#1 Fundi Kisima, Kigombe
Wakuu, salaam.

Mimi nachimba visima huku Kigombe na vijiji vya njia ya Pangani. Mwezi uliopita tulichimba kimoja juu ya mwinuko wa mchanga mwekundu, kama dakika 40 kwa miguu kutoka baharini. Mita 3 za kwanza mchanga wa kawaida. Kuanzia hapo tukawa tunakata mistari myeusi, myembamba kama ukindu uliotiwa rangi kwenye mkeka. Maji tuliyapata mita ya 8.

Nilichota mchanga wa ile mistari nikauosha kwenye karai, nayumbisha pole pole, mwepesi ukatoka na maji na mzito ukabaki chini. Kesho yake nikafanya vile vile kwa mchanga mweusi wa ufukweni. Kisha nikapitisha sumaku niliyoitoa kwenye diski kuu (hard disk) mbovu ya kompyuta, ile kali inayobana kidole, nimeifunga kwenye nailoni.

Wa ufukweni uliruka karibu wote. Punje nyeusi, zinang'aa. Wa kisimani uliruka nusu, tena kwa uvivu, mpaka sumaku iguse. Nusu iliyobaki ina rangi ambazo sijazizoea: kahawia kama chai ya rangi iliyolala, kijivu, nyingine za njano-nyeupe kama ufuta. Lakini ni nzito, maana karai haikuzitoa.

Mimi nasema ni jiwe lile lile, ila lile la juu ya mwinuko limeliwa chuma chake. Nani anaweza kunieleza chuma kimetokaje ndani ya punje bila punje kuvunjika?

#2 Bint Mkulumuzi
Nafuatilia. Fundi weka picha, hizo punje za ufuta tunataka kuziona.

#3 Shamte, Barabara ya 12
Hapa hakuna fumbo, ni chumvi. Ezeka bati Raskazone na ezeka bati Muheza siku moja. La Raskazone litatoboka la Muheza bado linang'aa. Chuma karibu na bahari hakidumu.

#4 Fundi Kisima, Kigombe
Picha nitaweka nikipata simu ya mtu yenye kamera nzuri.

Shamte, umegeuza. Mchanga unaokunywa chumvi usiku na mchana ni wa ufukweni, na huo ndio mzima. Uliooza ni wa kisimani, na maji yake matamu, tunapikia chai.

#5 Mwalimu wa Kemia, Chumbageni
Mleta mada umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani.

Punje zako nyeusi kwa sehemu kubwa ni ilmenaiti. Ndani yake kila atomu 1 ya chuma ina mwenzake 1 wa titani na 3 za oksijeni. Gramu 100 za ilmenaiti safi zina kama gramu 53 za oksidi ya titani, na 47 za oksidi ya chuma.

Sasa chuma kinatokaje bila nyumba kubomoka? Wanafunzi wangu nawaeleza kwa kodi. Wapangaji 3 wanalipa nyumba ya shilingi 60,000, kila mmoja 20,000. Wawili kati yao wakipandishwa mshahara wakaweza kutoa 30,000 kila mmoja, kodi inatimia, na wa tatu anaweza kuhama mwenye nyumba asione pengo. Chuma ndani ya ilmenaiti changa kina chaji 2. Hewa iliyoyeyuka kwenye maji ikikifikia, kinapoteza elektroni 1 na kuwa na chaji 3. Chuma 3 za chaji 2 ni 6. Chuma 2 za chaji 3 ni 6 pia. Kwa hiyo katika kila chuma 3, kimoja kinaondoka na maji, na nguzo za oksijeni na titani zinabaki zimesimama. Kinachobaki kinaitwa sudorutili. Oksidi ya titani humo imepanda hadi karibu asilimia 60, wala hakuna aliyeongeza titani hata chembe. Kilichopungua ni chuma.

Baadaye kuna hatua ya pili, na hii ndiyo inayobomoa nyumba. Maji yenye asidi yanatoa hata wale wapangaji 2 waliobaki. Titani haiyeyuki kirahisi, inajipanga upya pale pale kuwa vijichembe vidogo mno vya rutili na anatasi, madini mawili ya oksidi ya titani tupu. Punje ya namna hiyo wachimbaji wanaiita leukoksini, na mara nyingi oksidi ya titani imeshapita asilimia 70. Rangi zake ndizo ulizotaja, kahawia, njano, nyeupe. Sumaku inazisusa kwa sababu ilichokuwa inakivuta ni chuma.

#6 Bint Mkulumuzi
Mwalimu, mfano wa kodi umenikaa. Asante.

#7 Msambaa wa Soni
Hesabu ya mwalimu naikubali, ila sikubaliani kwamba punje zimezeekea hapo Kigombe.

Njooni huku milimani mwone udongo. Mwamba wa Usambara umeoza mita nyingi kwenda chini. Unakata ukingo wa barabara unaona michirizi ya mwamba wa asili imebaki vile vile, lakini ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia kama muhogo uliochemka. Magamba kuna boksiti, udongo wa madini ya alumini, na boksiti haipatikani mpaka mvua iwe imeuosha mwamba muda mrefu sana. Mnataka kuniambia ilmenaiti iliyokaa ndani ya udongo huo ilisubiri ifike baharini ndipo izeeke? Ilizeeka huku, mvua ikaibomoa, mto ukaibeba. Fundi amechota wazee waliotoka milimani na uzee wao.

#8 Nahodha, Pangani
Vijana, mimi nimeendesha majahazi, mawe siyajui. Lakini mchanga mweusi nimeukanyaga toka mtoto, na hauna makazi. Kusi likivuma na bamvua likipanda, asubuhi unakuta pwani imevaa kaniki. Wimbi linapanda limebeba kila kitu, likirudi halina nguvu ya kubeba kizito, linarudi na mchanga mweupe tu. Bamvua mbili zikipita pwani nyeupe tena, ule mweusi umefukiwa au umechukuliwa.

Na msiseme mchanga wa ufukweni ni kijana, wa juu ni mzee, kama watu wa familia mbili. Bahari inakula ukingo. Hapa Pangani tunaiona inavyokula, na Maziwe kilikuwa kisiwa chenye miti, leo ni fungu linalozama maji yakijaa. Ukingo ukianguka, mchanga wa zamani unaingia ufukweni kujumuika na mpya. Fundi, huo wako wa ufukweni hauna hata punje moja ya kahawia?

#9 Fundi Kisima, Kigombe
Mzee wangu, nimerudi kuangalia. Zipo. Chache, na zimesuguliwa mpaka zimekuwa mviringo kama dengu. Sikuziona mwanzo kwa kuwa nyeusi zilizifunika.

#10 Mwalimu wa Kemia, Chumbageni
Hilo la nahodha ni zito. Punje iliyooza ina vitundu ndani, ni laini. Ikiingia kwenye mawimbi inasagwa na kupotea haraka kuliko ilmenaiti ngumu. Ina maana ufukwe unaweza kuonekana kijana kwa sababu tu wazee wake hawadumu.

Shamte, chumvi yako ninaijibu hapa: maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 7 ni asidi) karibu 8, na katika hali hiyo chuma kikishakuwa na chaji 3 hakiyeyuki, kinaganda pale pale. Maji ya mvua yana pH kama 5.6 kwa hewa ukaa iliyomo, na yakipita kwenye majani yaliyooza yanazidi kuwa na asidi. Hayo ndiyo yanayobeba chuma. Bati linaliwa na chumvi kwa sababu ni chuma tupu, ilmenaiti ni oksidi tayari.

#11 Shamte, Barabara ya 12
Nimekubali kwa bati. Ila bado nasema mkikuta jibu chumvi haikosi, hii ni Tanga.

#12 Mzee wa Maji
Nimefanya kazi ya maji ya ardhini miaka mingi. Naleta marekebisho mawili.

La kwanza. Fundi, si kila punje iliyogoma sumaku imezeeka. Zirkoni haina chuma tangu kuzaliwa: ni angavu au ya waridi, inameta ukiielekeza juani. Rutili ya asili nayo haivutwi: ni nyekundu iliyoiva, inang'aa kama ukwaju uliolambwa. Zote mbili ni nzito, zitabaki kwenye karai. Zitenge. Iliyochakaa ni ile iliyofifia, kama chaki au kama mkate mkavu.

La pili namjibu Msambaa. Nguvu ya hatua ya kwanza aliyoieleza mwalimu iko ndani ya mchanga uliolowa, chini ya usawa wa maji, pole pole, kwa maji yenye asidi kidogo na hewa kidogo. Hatua ya pili iko juu ya usawa huo, mvua inapopita na kukauka. Mwinuko wa mchanga mwekundu karibu na bahari una vyote viwili, na usawa wa maji umepanda na kushuka kila bahari ilipopanda na kushuka. Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilisimama mita kadhaa juu ya ilipo leo. Hapo punje zina muda wa kutosha na maji ya kutosha, hazihitaji kuja na uzee kutoka Soni.

Fundi, nieleze: chini ya mita 8 mchanga uligeuka rangi? Na maji ukiyaweka kwenye ndoo usiku kucha yanakuwaje?

#13 Fundi Kisima, Kigombe
Mzee umeniotea. Chini ya maji mchanga ni kijivu, uwekundu umekoma kama umekatwa kwa msumeno. Maji yakitoka ni meupe kabisa. Ukiyaacha kwenye ndoo mpaka alfajiri, juu kuna utando mwembamba wa kahawia, ukiugusa kwa kidole unapasuka vipande kama maziwa yaliyoganda, na pembeni ya ndoo kuna duara la kutu. Mwenye kisima alinilaumu akidhani nimeacha chuma ndani.

#14 Mzee wa Maji
Huo ni mwenendo wa chuma cha chaji 2. Kiko ndani ya maji bila kuonekana, kikikutana na hewa kinapata chaji 3 na kuganda. Chuma kinasafiri kwenye kisima chako leo hii.

#15 Msambaa wa Soni
Haitoshi. Chuma cha kwenye ndoo kinaweza kuwa kimetoka kwenye udongo mwekundu wenyewe, au kwenye ganeti, yale madini mekundu yenye chuma, au kwenye madini meusi mengine yasiyo na titani hata kidogo. Mzee umekuta mwizi njiani ukamhukumu kwa nyumba hii, na mtaa una nyumba 20.

#16 Mzee wa Maji
Hapo Msambaa ana haki. Ndoo inathibitisha kwamba chuma kinatembea, haisemi kimetoka punje ipi.

#17 Mpaka Rangi, Ngamiani
Samahani niulize nje kidogo. Hii titani mnayosema ndiyo ile ya rangi nyeupe? Maana rangi nyeupe nzuri inafunika ukuta mikono 2, ya bei chee unapaka mikono 5 na ukuta wa zamani bado unakuchungulia.

#18 Mwalimu wa Kemia, Chumbageni
Ndiyo yenyewe. Sehemu kubwa ya ilmenaiti na rutili inayochimbwa duniani inaishia kuwa unga mweupe wa oksidi ya titani, kwenye rangi, plastiki na karatasi. Inafunika kwa sababu inapindisha mwanga kupita almasi: kwa kipimo cha kupindisha mwanga rutili ni kama 2.7 na almasi ni 2.42, mchanga mweupe wa kawaida ni 1.54 tu. Mwanga unaingia kwenye rangi, unapindishwa na kurudishwa kabla haujafika ukutani.

#19 Mpaka Rangi, Ngamiani
Yaani weupe wa ukuta umetoka kwenye mchanga mweusi. Leo nimepata la kuwaambia wateja.

#20 Mtu wa Lungalunga
Habari za huko ng'ambo ya Horohoro. Nilifanya kazi Kwale, mgodi ulioanza uzalishaji 2013 na kufunga Desemba 2024. Ule mchanga ulikuwa mwekundu kama wa fundi, wa matuta ya zamani mbali na bahari ya leo, na umejaa tope laini linalosumbua kuosha. Tulitoa ilmenaiti, rutili na zirkoni, meli zinapakia Likoni.

Nawaongezea la kiwandani. Punje zilizozeeka nusu ni taabu ya mtambo wowote wa sumaku. Iliyo nzima inavutwa vizuri, iliyoisha haivutwi, hizo za kati zinatawanyika kila mahali, nyingine zinaenda na ilmenaiti, nyingine zinaenda na rutili na kuichafua. Ukiona fundi anasema "zinaruka kwa uvivu", hizo ndizo.

Na msidhani uzee ni faida moja kwa moja. Kati ya wanaotengeneza ule unga mweupe, wenye viwanda vya klorini wanataka oksidi ya titani iwe nyingi, wanapenda iliyochakaa. Wenye viwanda vya asidi ya salfuriki wanataka punje ambayo asidi inaweza kuiyeyusha, na leukoksini haiyeyuki, kwa hiyo hao wanapenda changa. Mchanga mmoja, wanunuzi wawili, na kila mmoja anauita mwingine mbaya.

#21 Mwanakijiji wa Mkinga
Mkishafika kwenye bei na mimi nina la kusema. Kijijini kwetu alikuja mtu na mfuko wa plastiki na sumaku, akasema mashamba yetu yana titani ya kutengenezea ndege, akachangisha "ada ya vipimo" kwa kaya. Mama yangu alitoa pesa ya mbuzi. Hatukumwona tena. Ndiyo maana nasoma huu uzi neno kwa neno, nataka siku nyingine akija mtu kama yule nimuulize swali asilolijua.

#22 Mtu wa Lungalunga
Pole sana, ndugu. Muulize: "Hiyo iliyonasa ni magnetaiti au ilmenaiti?" Magnetaiti, ambayo ni oksidi ya chuma, inaruka kwenye sumaku yoyote, hata ya spika ya redio. Ilmenaiti inataka sumaku kali. Mtu anayepita na sumaku ya spika akisema kila kilichoruka ni titani, mfukuze. Na anayetafuta madini kihalali anakuja na leseni, wala hachangishi kaya.

#23 Bint Mkulumuzi
Ongezeeni: madini ni mali ya umma hata yakiwa ndani ya shamba lako. Leseni inatoka Tume ya Madini. Na huku kusini mwa mji wa Tanga utafiti wa mchanga mzito ulishafanyika, mradi wa Tajiri, kwa hiyo kuwepo kwake si uongo. Uongo ni hizo ada.

#24 Fundi Kisima, Kigombe
Nimejaribu sumaku ya spika kama alivyosema wa Lungalunga. Ufukweni zimeruka chache, kama kijiko cha chai kwenye kikombe. Kisimani hakuna kabisa.

Halafu nimefanya jingine. Nimechukua punje za kahawia, nikaziweka kati ya vijiko 2 na kukandamiza. Nyeusi ya ufukweni haikubali, kijiko kinachubuka. Ya kahawia inalia "kwi" na kuvunjika. Nimetia tone la maji juu ya lenzi ya simu nikaangalia vipande: ganda la nje kahawia-kijivu, ndani kuna kiini cheusi kinachong'aa, kama kokwa la ubuyu ukilitafuna katikati. Za rangi ya ufuta hazina kiini. Zimejaa vitundu mpaka ndani kama andazi.

Na kwenye karai nimeona zinajipanga. Nyeusi zinakaa mkiani kabisa, kahawia juu yake, ufuta juu ya hizo.

#25 Mwalimu wa Kemia, Chumbageni
Fundi, hapo umeona jambo zima kwa vijiko 2. Ilmenaiti ina uzito kama mara 4.7 ya maji. Ikitoka chuma na kubaki vitundu, uzito unashuka, inaweza kushuka chini ya 4. Ndiyo maana zinapangana kwenye karai yako kwa umri.

#26 Msambaa wa Soni
Au kwa koti. Mchanga mwekundu ni mwekundu kwa sababu kila punje imevaa koti la kutu, hata ya mchanga mweupe. Ganda la kahawia aliloliona fundi linaweza kuwa kutu iliyotoka kwingine ikamganda. Mlishe ndimu kwanza ndipo mseme.

#27 Mzee wa Maji
Rai nzuri. Loweka kwenye maji ya ndimu, siku 3, moto mdogo ukiweza. Asidi ya betri usiguse kabisa, fundi, itakuunguza macho.

#28 Kaole, Bagamoyo
Wakati tunasubiri ndimu, niwape kisa cha huku. Nilikuta mchanga mweusi tititi kwenye tope la mikoko, nikajaza ndoo nikidhani nimepata. Ulinuka yai viza. Nikauanika juani, kufika jioni umegeuka kijivu-kahawia na sumaku haikupata kitu. Mtu akanieleza weusi ule ulikuwa salfaidi ya chuma, inatengenezwa na vijidudu vya tope pasipo hewa. Kwa hiyo weusi peke yake si ushahidi. Ufukweni penyewe, kusi likivuma, tunapata mweusi wa kweli, na huu naamini umeletwa na Ruvu kutoka Uluguru.

#29 Nahodha, Pangani
Kaole, ndoo nzima ya tope la mikoko umeibeba kichwani? Una moyo.

#30 Kaole, Bagamoyo
Kwa baiskeli, mzee wangu. Kilomita 4.

#31 Shamte, Barabara ya 12
Mimi nauliza hatari. Nimesikia mchanga huu una mionzi. Watoto wanachezea.

#32 Mwalimu wa Kemia, Chumbageni
Ilmenaiti haina mionzi ya kutajwa. Katika mchanga mzito mara nyingi kuna monazaiti kidogo, na hiyo ina thoriamu. Mtoto kucheza ufukweni mchana mmoja si jambo, ila usirundike mchanga mweusi uliooshwa ndani ya chumba unacholala. Na hili linarudi kwenye mada: punje iliyochakaa ina vitundu, na vitundu vinanasa alumini, silika na hata thoriamu kutoka kwenye maji yanayopita. Chuma kinatoka, wageni wanaingia. Wanunuzi wanaipima hiyo sana.

#33 Fundi Kisima, Kigombe
Ndimu imeshasema. Siku 3, ndimu 11, kwenye chupa ya kioo juani. Maji yamekuwa njano kama ya manjano. Punje za mchanga wa kawaida zimetoka nyeupe, koti lilikuwepo kweli, Msambaa chukua pointi yako. Lakini za kahawia nyingi zimebaki kahawia. Chache zimegeuka nyeusi, hizo zilikuwa zimevaa koti tu. Za ufuta zimebaki vile vile. Nimezihesabu 100 za kahawia kabla na baada: 17 ziligeuka, 83 hazikugeuka.

#34 Msambaa wa Soni
Heshima kwako fundi, hesabu hiyo naikubali. Zimeoza kweli. Zimeozea wapi bado hatujajibu.

#35 Mzee wa Maji
Njia ya kujibu ipo. Zikiwa zimekuja zimeoza kutoka milimani, basi utakuta mchanganyiko ule ule kwa kila kina: juu, kati na chini ya maji. Zikiwa zimeozea hapo, zitabadilika kwa kina, na zile za chini ya maji zitakuwa sudorutili nyingi na ufuta kidogo. Fundi, ukichimba kingine, chota kila nusu mita.

#36 Nahodha, Pangani
Na mchote za mtoni vile vile. Ila msichote Sigi, Sigi unaingilia kaskazini ya mji na mkondo wa huku unakwenda kaskazini. Mchanga wa Kigombe umtafute kusini kwake, mdomo wa Pangani.

#37 Mtu wa Lungalunga
Na Pangani una mambo mawili. Unabeba ya Usambara na Pare, na unabeba ya volkano za Kilimanjaro na Meru. Magnetaiti ya volkano huwa na titani ndani yake, inanasa sumaku ya spika. Labda kile kijiko cha chai alichokipata fundi ufukweni ni cha volkano, na mwinuko wa zamani haukukipata. Hapo si uzee, ni mto kubadili mzigo.

#38 Mwalimu wa Kemia, Chumbageni
Au magnetaiti ilikuwepo mwinukoni ikaoza ikaisha. Chuma tupu bila titani hakiachi mifupa.

#39 Msambaa wa Soni
Nimefanya sehemu yangu. Maji ya hapa Soni yanashuka Mombo, yanaingia Mkomazi, Mkomazi unaingia Pangani, kwa hiyo ni njia yenyewe. Nimechota jana, nimeosha kwenye sufuria, nimeloweka ndimu usiku kucha. Kwenye kijiko kimoja cha punje nyeusi nimepata 9 za kahawia na 2 za ufuta. Zimevunjika kwa vijiko, "kwi", kama alivyosema fundi. Zilikuwa zimeoza kabla hazijaiona bahari.

#40 Mzee wa Maji
Umechota juu ya daraja au chini yake?

#41 Msambaa wa Soni
Chini. Juu kuna mawe matupu.

#42 Mzee wa Maji
Barabara hapo imemwagwa kifusi?

#43 Msambaa wa Soni
Kimemwagwa mwaka jana. Kilitoka sijui wapi. Nipeni mpaka Jumamosi, nitapanda juu ya mawe.

#44 Fundi Kisima, Kigombe
Na mimi nimepata kazi ya kisima kingine, mwinuko ule ule, hatua 200 upande wa bara. Nimeshanunua mifuko 20 ya nailoni na kalamu ya wino usiofutika. Nitachota kila nusu mita.